Vibisi wa Clear Lake

Septemba 1949, mashua zilizopakia mapipa ya dawa zilianza kuzunguka Clear Lake, ziwa kubwa la maji baridi lililo kaskazini mwa San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani. Dawa yenyewe ilikuwa DDD, ndugu wa karibu wa DDT. Walioimwaga hawakukurupuka. Walikuwa wameifanyia majaribio maabara, wameupima ujazo wa ziwa zima, wamepiga hesabu na kuirudia. Kwa kipimo cha zama zao, kazi yao ilikuwa ya watu makini, na ndiyo maana kisa cha ziwa hili kinastahili kusimuliwa hatua kwa hatua. Uzembe una visa vingi na hautufundishi mengi. Hapa tunaona jinsi watu waangalifu, wenye nia njema na hesabu sahihi, walivyolitia sumu ziwa walilokuwa wakilipenda.

Adui wao alikuwa kisubi mdogo ambaye wanasayansi humwita Chaoborus astictopus. Ukimtazama haraka utadhani ni mbu, lakini haumi, hanyonyi damu wala haenezi ugonjwa. Kosa lake ni wingi. Lava wake hujificha kwenye tope la chini mchana, kisha usiku hupanda juu kutafuta chakula, na majira ya joto yanapofika hugeuka visubi kamili, wakatoka majini mamilioni kwa mamilioni. Huzingira taa, hujaa kwenye vyakula, hurundikana chini ya madirisha. Wakazi wa Mwanza, Musoma na Kisumu hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu binamu za visubi hao hupanda kutoka Ziwa Viktoria mithili ya moshi. Upande wa Ziwa Nyasa watu huwakamata wangali wingu, wakawafinyanga kuwa mikate yenye protini nyingi. Clear Lake haikuwa na desturi hiyo. Lilikuwa ziwa la watalii, wavuvi wa ndoana na nyumba za mapumziko, na mgeni aliyelipia likizo yake hakutaka kuogelea katikati ya wadudu.

Sasa tuiangalie tathmini yenyewe, maana mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo. DDD ilichaguliwa badala ya DDT kwa sababu majaribio yalionyesha kwamba haiwadhuru sana samaki. Kipimo kikawekwa kidogo kabisa: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu milioni 70 za maji. Ni kama gramu moja na nusu katika lita laki moja. Swali walilojiuliza lilikuwa la kawaida kwa wakati ule: ni kiasi gani cha dawa ndani ya maji kinatosha kuua lava bila kuua samaki? Walipata jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Visubi walikufa kwa asilimia 99 hivi, na samaki hawakuelea matumbo juu. Yeyote aliyesimama ufukoni mwaka huo angesema kazi imefanyika.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1949, watafiti wa Marekani walichapisha taarifa kwamba mbwa waliolishwa DDD walisinyaa tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo. Athari hiyo ilikuwa kali kiasi kwamba baadaye aina mojawapo ya DDD ikageuzwa dawa ya saratani ya tezi hizo, iitwayo mitotane. Kwa hiyo habari kwamba kemikali hii hufanya mambo mazito ndani ya mwili wa mnyama ilikuwapo. Ilikuwa kwenye majarida ya watu wa tiba, na mpango wa kuua visubi ulisimama juu ya majaribio ya lava na samaki. Hadi leo, tathmini nyingi hupoteza njia mahali kama hapo, katikati ya fani mbili ambazo wataalamu wake hawasomi maandiko ya wenzao.

Miaka michache ikapita, visubi wakarudi. Septemba 1954 ziwa likatiwa dawa mara ya pili, safari hii sehemu 1 kwa milioni 50. Mauaji ya visubi yakawa makubwa kama mwanzo. Kisha majira ya baridi yakaingia, na vibisi wakaanza kufa.

Kibisi wa Clear Lake ni ndege wa kuvutia mno. Ana shingo ndefu nyembamba, nyeusi nyuma na nyeupe mbele, mdomo kama sindano na macho mekundu. Kiota chake huelea juu ya maji kati ya matete, na makinda yake huyabeba mgongoni, yakachungulia kutoka katikati ya manyoya. Wakati wa kuchumbiana, dume na jike huinuka wima na kukimbia juu ya maji bega kwa bega, shingo zimepinda, kama waliozoezwa na mwalimu mmoja. Chakula chake hasa ni samaki. Kabla ya 1949, zaidi ya jozi 1,000 za vibisi zilikuwa zikitaga katika ziwa hili.

Desemba 1954 iliripotiwa kwamba vibisi wapatao 100 wamekutwa wamekufa. Wachunguzi walitafuta maradhi ya kuambukiza kwanza, kama ilivyo kawaida ndege wa maji wanapokufa kwa makundi, wasione kitu. Hakuna aliyeunganisha vifo hivyo na dawa. Ilikuwa imepita miezi mitatu, na tena kipimo kilikuwa kidogo sana.

Septemba 1957 wakamwaga mara ya tatu. Sasa dawa haikufanya kazi vizuri kama zamani, kwa kuwa visubi walionusurika awali walikuwa wamezaa wenzao wanaoistahimili. Desemba ikafika na vibisi wengine 75 hivi wakapatikana wamekufa. Safari hii kuna mtu aliyefikiria kupeleka mafuta ya ndege maabara. Majibu yalionyesha kwamba mafuta yale yalikuwa na DDD sehemu 1,600 kwa milioni, yaani gramu 1.6 katika kila kilo ya mafuta.

Majini kipimo cha juu kabisa kilikuwa sehemu 0.02 kwa milioni. Gawanya 1,600 kwa 0.02, unapata 80,000. Mafuta si mwili mzima, na mtu mwangalifu hatalinganisha mafuta ya ndege na maji ya ziwa bila kulitaja hilo. Lakini hata ukipunguza kwa sababu hiyo, pengo linabaki kubwa kuliko lolote lililokuwa limefikiriwa mwaka 1949.

Wanabiolojia wawili wa idara ya samaki na wanyamapori ya California, Eldridge Hunt na Arthur Bischoff, ndio waliofuatilia sumu hiyo kutoka kiumbe kimoja hadi kingine na kuchapisha matokeo mwaka 1960. Walianza na planktoni, vile viumbe na vimea vidogo vinavyoelea majini, wakakuta sehemu 5 hivi kwa milioni. Tayari hapo sumu ilikuwa imejikusanya mara 250. Samaki wanaokula planktoni na mimea walikuwa na sehemu 40 hadi 300. Walao nyama walizidi, na mafuta ya kambale mmoja wa kahawia yalikutwa na sehemu 2,500. Kibisi alikuwa akila samaki hao.

Sababu yake iko katika tabia ya kemikali yenyewe. DDD na DDT huyachukia maji na kupenda mafuta. Tikisa DDT katika chupa yenye maji na oktanoli, kimiminika kinachofanana kitabia na mafuta ya mwilini, kisha uache vitengane: katika oktanoli utakuta DDT iliyokolea karibu mara milioni moja kuliko ile iliyobaki majini. Kila chembe hai ina mafuta. Hivyo kemikali ikishamwagwa haikai majini kusubiri kupimwa, inahamia kwenye chochote kilicho hai, na kwa kuwa haiozi kirahisi, hubaki humo hadi mwenye mwili aliwe. Samaki angalau hupoteza sehemu ya mzigo wake kupitia matamvua, kwa sababu damu yake hukutana na maji kila anapopumua. Ndege hana njia hiyo. Anavuta hewa, na sumu iliyoingia kwa chakula hutoka kwa taabu sana. Inakaa kwenye mafuta hadi baridi kali au njaa imlazimishe kuyeyusha akiba yake, na hapo ndipo humiminika yote kwenye damu. Si ajabu vibisi walionekana wakifa Desemba.

Fikiria mpimaji anayesimama ukingoni mwa Clear Lake miezi kadhaa baada ya mashua kuondoka. Anachota maji kwenye chupa ya kioo, anaifunga, anabandika karatasi ya tarehe, anapeleka maabara. Maabara wanamjibu kwamba hakuna sumu. Wako sawa. Muda mfupi tu baada ya kila awamu, DDD ilikuwa haionekani tena majini. Wakati huohuo, karibu miaka miwili baada ya kumwaga mara ya mwisho, planktoni bado ilikuwa na sehemu zaidi ya 5 kwa milioni. Planktoni huishi siku chache au wiki chache tu. Vizazi vingi vilikuwa vimezaliwa na kufa, na kila kimoja kilikuwa kimerithi sumu ya kilichotangulia. Maji yalikuwa safi kwa sababu ziwa lilikuwa limeimeza sumu.

Kufikia mwaka 1960 jozi zilizotaga zilikuwa 30 hivi. Walijenga viota na kuatamia, lakini kinda hakuonekana. Rachel Carson, mwanabiolojia na mwandishi, alikitia kisa hiki ndani ya Silent Spring, kitabu kilichotoka Septemba 1962, na kupitia kwake dunia ikayasikia majina ya visubi na vibisi wa ziwa ambalo wengi hawakulijua. Alishambuliwa vikali na wenye viwanda vya kemikali, akafariki kwa saratani mwaka 1964 bila kuona matunda. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, likaundwa mwaka 1970, na miaka miwili baadaye likafuta karibu matumizi yote ya DDT nchini humo. Hayo yamesimuliwa mara nyingi. Mimi naona mageuzi yaliyotokea kwenye meza za wapimaji, mbali na magazeti, hayana uzito mdogo.

Mtu anayeomba leo kibali cha kiuatilifu Ulaya au Marekani bado anapeleka yale majaribio ya zamani: kiroboto-maji aitwaye Daphnia huwekwa kwenye sumu kwa saa 48, samaki kwa saa 96, mwani kwa siku tatu au nne, na wanaokufa au kudumaa huhesabiwa. Lakini namba hiyo haichukuliwi tena kama ilivyo. Chini ya utaratibu wa Ulaya wa kemikali za viwandani, ukiwa na majaribio hayo ya muda mfupi pekee, unachukua kipimo kilichomdhuru kiumbe dhaifu kuliko wote na kukigawanya kwa 1,000, kwa sababu unakiri kwamba maabara ina spishi tatu na ziwa lina maelfu. Ukileta majaribio ya muda mrefu kwa makundi yote matatu, unaruhusiwa kugawanya kwa 10. Kisha unakadiria kiasi kitakachofika majini na kulinganisha. Kemikali inayopenda mafuta ina mtihani wake wa ziada: samaki huwekwa kwenye maji yenye sumu kidogo, halafu hupimwa mwili umekusanya mara ngapi kuliko maji. Ikizidi mara 2,000, sheria ya Ulaya huihesabu kuwa inajilimbikiza. Ikizidi 5,000, inajilimbikiza kupindukia, na hiyo 5,000 ndiyo namba iliyoingia pia kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Nyuma ya namba hizo nawaona vibisi.

Lakini hatua ninayoithamini kuliko zote haina namba. Mwaka 1992 EPA ilitoa mfumo wa tathmini ya hatari kwa ikolojia, na hatua yake ya kwanza, kabla ya kupima chochote, ni kukaa chini na kuandika ni kitu gani hasa tunataka kukilinda. Mwaka 1949 karatasi ya Clear Lake iliorodhesha visubi wa kuuawa na samaki wa kuokolewa. Hakuna aliyemwandika kibisi. Kwa kuwa hakuandikwa, hakupimwa, na hesabu zote zilizofuata, pamoja na usahihi wake, hazikuweza kumwona.

Miaka hiyohiyo, dawa ya ukoo huo ilikuwa ikimwagwa kwenye maji ya Afrika Mashariki, kwa sababu nzito zaidi. Visubi wa mitoni, jamii ya Simulium, hueneza usubi, ugonjwa unaopofusha. Katika mito ya Nyanza nchini Kenya, watafiti McMahon na Garnham waliongoza kazi ya kutia DDT mitoni kuanzia miaka ya 1940. Lava wa kisubi wa huko hakuonekana kirahisi kwenye mawe wala majani, hadi mwaka 1950 ilipogunduliwa kwamba husafiri akiwa amejibandika juu ya kaa wa mtoni. Kisubi huyo alitokomezwa Nyanza. Uganda nayo ilitia DDT kwenye Mto Nile karibu na Jinja kuanzia mwaka 1952, wakati bwawa la Owen Falls likijengwa. Watu waliookolewa macho walikuwa watu halisi, na anayesimulia habari za sumu akiwaruka hao hasemi ukweli wote. Kumkinga mtoto na upofu hakulingani kamwe na kumwondolea mtalii kero ya wadudu.

Ndiyo maana Mpango wa kudhibiti usubi Afrika Magharibi, ulioanzishwa mwaka 1974, una mafunzo makubwa kuliko Clear Lake. Ulihitaji kumwaga viuadudu kwenye mito ya nchi nyingi, kwa ndege, kila wiki, kwa miaka mingi. DDT iliachwa, ikachaguliwa temefosi, inayooza haraka. Tangu mwanzo kabisa, wanabiolojia walikuwa wakihesabu samaki na wadudu wa majini kwenye vituo maalumu, na kundi la wataalamu huru wa ikolojia lilikuwa na kauli kuhusu dawa ipi iruhusiwe mto upi, na mto ukiwa umejaa kiasi gani. Visubi walipoanza kuistahimili temefosi, dawa zilibadilishwa kwa zamu. Mpango ulifungwa mwaka 2002, ukiwa umefika nchi 11. Ni uthibitisho kwamba maji yanaweza kutiwa sumu kwa sababu ya haki na bado yakachungwa, mradi mchungaji aajiriwe siku moja na mmwagaji dawa.

Clear Lake yenyewe iliendelea kutafutiwa dawa. DDD haikutiwa tena baada ya 1957. Miaka ya 1960 ilitumiwa methili parathioni, sumu kali isiyodumu, na mwaka 1967 wakapandikizwa samaki wadogo wa fedha kutoka sehemu nyingine ya nchi ili wale lava. Visubi walipungua, samaki wale wakaenea kwenye maji mengine ya California, na hilo likawa tatizo la peke yake. Pole pole vibisi walirejea kulea makinda.

Kumbe kulikuwa na sumu nyingine ziwani muda wote. Kwenye ufuko wa mashariki kuna Sulphur Bank, mgodi wa zebaki uliochimbwa tangu karne ya 19, ukafungwa mwaka 1957, mwaka uleule wa DDD ya mwisho. Mwaka 1990 uliwekwa kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo yenye sumu yanayotakiwa kusafishwa. Mlangoni pake kabisa wanaishi Waelem, jamii ya Wapomo, watu ambao wazee wao walivua hapo kwa maelfu ya miaka kabla ya California kuwa California. Taka za mgodi zilitumika kujengea barabara na viwanja vya nyumba zao. Zebaki ikifika kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa zebaki methili, nayo hupanda kutoka kiumbe hadi kiumbe kama ilivyofanya DDD, ingawa yenyewe hung'ang'ania protini badala ya mafuta. Kwa hiyo haiondoki hata ukimkaanga samaki hadi mafuta yakatoka yote. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki na kuichoma kwenye karai, wanashughulika na metali hiyohiyo, katika bonde linaloteremkia Ziwa Viktoria.

Hapa swali la 1992 linarudi, ni nani tunayetaka kumlinda, ila sasa anayekaa mahali pa kibisi ni binadamu. Ili kusema samaki wa ziwa fulani ni salama, lazima kwanza ukadirie mlaji anakula kiasi gani. Katika mwongozo wake wa mwaka 2000, EPA iliweka gramu 17.5 kwa siku kwa raia wa kawaida wa Marekani, na gramu 142.4 kwa mtu anayeishi kwa kuvua. Tofauti inazidi mara nane, na ziwa linalopasi kwa mlaji wa kwanza linaweza kumshinda wa pili. Wapomo wako upande wa namba ya pili. Wako huko pia watu wa visiwa vya Ukerewe na Rusinga katika Ziwa Viktoria, ambao sato na dagaa ni mboga yao ya kila siku. Kipimo kinachowekwa kwa ajili ya maziwa yao kianze na sahani yao, kabla mtu yeyote hajachota chupa ya maji.